Alitoa Nafasi, Akapata Dhahabu

Asimamaye Kiriri, juu kilimani, huuona mji wa Bujumbura ukiteremka hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1996 mji huo ulikuwa katika majonzi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndipo Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, kusini mwa Burundi, alipokwenda Atlanta, Marekani, kwenye Michezo ya Olimpiki.

Mbio zake zilikuwa za mita 1,500, ambazo zilimpatia medali ya shaba ya dunia mwaka 1995. Lakini mwenzake mkubwa, Dieudonné Kwizera, alikuwa amekosa Olimpiki za 1988 na 1992, kwa kuwa Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Safari hii alikuja kama kocha tu. Niyongabo akamwachia nafasi yake, naye akaingia mita 5,000, mbio alizokwisha kuzikimbia mara mbili tu.

Kwizera hakuvuka mchujo, lakini alikimbia kwa jina la nchi yake. Tarehe 3 Agosti, Niyongabo alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 7.96, akimtangulia Paul Bitok wa Kenya kwa sehemu mbili tu za kumi za sekunde. Hiyo ikawa medali ya kwanza ya Burundi katika Olimpiki. Ya pili, ya fedha, ililetwa na Francine Niyonsaba mwaka 2016.

Niyongabo amekwisha kustaafu. Askari aliyewahi kumpisha mwenzake anamwelewa vyema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.