Mshale wa Mpima Ardhi Katika Jiwe

Katika nchi ya Uingereza, mtu atembeaye mijini au mashambani huweza kuona mshale mdogo uliochongwa katika ukuta wa kanisa, katika nguzo ya daraja, au katika jiwe la kando ya njia. Mshale huo una mistari mitatu ikutanayo kwenye ncha, na juu ya ncha umekatwa mfuo mmoja uliolala sawasawa. Wapitao wengi hudhani kwamba ni mchezo wa watoto. Sivyo, ni alama ya wapima ardhi, nayo ina kazi kubwa.

Tangu zamani mshale wa namna hiyo ulikuwa alama ya mali ya Serikali ya Kiingereza. Idara ya upimaji iitwayo Ordnance Survey iliuchukua, na tangu miaka ya 1840 mafundi wake walizunguka nchi nzima na nyundo na tindo. Alama walizozichonga zilifika karibu nusu milioni.

Kazi ya alama hiyo ni kuhifadhi kimo cha mahali. Mshale huonyesha tu. Kimo chenyewe ni cha ule mfuo. Mpimaji alitia chuma cha pembe ndani ya mfuo, akasimamisha juu yake fimbo ndefu yenye tarakimu, kisha akaitazama kwa darubini iliyosawazishwa kwa pima maji. Kama fimbo ilisomeka futi 5 juu ya alama, na baadaye, darubini ikiwa pale pale, ikasomeka futi 3 mahali pengine, alijua kwamba mahali pa pili pameinuka kwa futi 2. Hivyo alikwenda kutoka alama hata alama.

Lakini kila hesabu sharti iwe na mwanzo. Huko Newlyn, katika pwani ya Cornwall, kimo cha bahari kilipimwa kila saa, maji yakijaa na yakipwa, tangu 1915 hata 1921. Wastani wake ndio uliofanywa sifuri. Msumari mnene wa shaba uliotiwa pale gatini una kimo cha mita 4.751 juu ya sifuri hiyo.

Faida yake ni nini? Maji hayatii amri ya mtu, hufuata mteremko. Achimbaye mfereji au kulaza mabomba bila kujua vimo, huenda akaona maji machafu yakirudi nyumbani kwake. Tena jiwe lenye mshale likiondolewa na kujengwa mahali pengine, mshale huonekana mzima, lakini umekuwa shahidi wa uongo.

Wapima ardhi wa Kenya walirithi kazi hiyo kwa Waingereza. Hapa alama ijulikanayo zaidi na wenye mashamba ni ile ya mpaka, yaani chuma kilichosimikwa katika saruji. Hiyo haionyeshi kimo, bali pembe ya shamba. Sheria ya Upimaji inakataza kuiharibu au kuihamisha. Wako wanaodhani kwamba akiisogeza usiku mtu ameongeza shamba lake. Hakuongeza kitu. Vipimo vyake vimeandikwa, na mpimaji aweza kupatafuta pale pa kwanza kwa kupima kutoka alama nyingine. Kinachopotea ni fedha za kupimisha upya, na amani na jirani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jiwe na daftari hutegemeana.

Mshale wa mwisho wa namna ile ya kale ulichongwa Uingereza mwaka 1993, na siku hizi vimo hupatikana kwa setilaiti. Hata hivyo mipaka ya mashamba yangali yakihitaji alama zionekanazo kwa macho. Basi alimaye akikuta chuma katika saruji, na akiache. Kikiwa kimelegea, asikisimike mwenyewe, bali apeleke habari kwa mpima ardhi, na jirani yake ajue.