Nambari ya jengo iliyozaa muziki wa fidla

Wapo wanaojiuliza kwa nini sehemu ya kwanza ya utunzi wa Jennifer Higdon wa fidla na okestra inaitwa '1726'. Hiyo ni nambari ya jengo la Chuo cha Muziki cha Curtis, Philadelphia, Marekani, ambako Higdon alimfunza mpiga fidla Hilary Hahn.

Mwalimu alimtungia mwanafunzi wake, na mwaka 2010 utunzi huo ukanyakua tuzo ya Pulitzer. Mwaka uo huo ulitolewa kwenye santuri, Hahn akiandamana na okestra ya Royal Liverpool Philharmonic ya Uingereza.

Ajabu ni kwamba santuri hiyo hiyo ina utunzi wa Tchaikovsky wa 1878, unaopendwa kote. Huo ulikuwa ujasiri. Hata hivyo, wa Higdon haumezwi, hasa sehemu ya pili, fidla inapozungumza taratibu na ala nyinginezo.