Nzi Mdogo Kuliko Wote na Kichwa cha Sisimizi

Nukta iliyochapwa mwishoni mwa sentensi hii ina upana wa karibu nusu milimita. Yuko nzi mzima, mwenye kichwa, kifua, tumbo, miguu sita na jozi ya mabawa, ambaye akitua juu ya nukta hiyo hatatokeza ukingoni. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 na Brian Brown, mtaalamu wa wadudu katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Los Angeles County nchini Marekani. Urefu wa mwili wake ni milimita 0.40 tu. Jina lake la kitaalamu ni Euryplatea nanaknihali, na kwao ni Thailand, katika Hifadhi ya Taifa ya Kaeng Krachan, karibu na mpaka wa Myanmar.

Nzi wa nyumbani ana urefu wa milimita 6 hivi, yaani mara 15 ya urefu wa nzi huyu. Mwanafunzi asidanganyike kwa hesabu hiyo akadhani kwamba nzi 15 wa Thailand wakikusanywa watatosha kumfanya nzi mmoja wa jikoni. Ujazo wa mwili hupungua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Kama maumbo ya nzi hao wawili yangefanana, wangehitajika nzi 15 × 15 × 15, yaani 3,375, ili kuufikia ujazo wa yule mmoja.

Kiumbe wa namna hiyo hakamatwi kwa mkono wala kwa wavu wa vipepeo. Alipatikana kwa mtego uliobuniwa na Msweden René Malaise katika miaka ya 1930. Malaise alikuwa msafiri na mkusanyaji wa wadudu. Aliona kwamba wadudu waingiao ndani ya hema lake hupanda juu, na penye tundu pembeni hutokea hapo. Akashona hema la chandarua lisilo na kuta za nje, lenye ukuta mmoja wa katikati, na katika pembe ya juu akafunga chupa. Mdudu arukaye hujigonga ukutani, hupanda kuelekea kwenye mwanga, kisha hutumbukia ndani ya chupa yenye spiriti. Mtego huo haupumziki usiku wala mchana. Kazi kubwa huja baadaye, pale mtu anapoketi mbele ya hadubini na kuchambua maelfu ya vimwili vilivyolowa, kimoja kimoja. Spishi nyingi mpya za wadudu hugunduliwa mezani, pengine miaka kadhaa baada ya mtego kung'olewa msituni.

Je, mtaalamu hujuaje kwamba mdudu aliye mbele yake hana jina? Kwanza humtia katika kundi lake. Nzi wa kweli, na mbu wamo katika hesabu hiyo, ana mabawa mawili tu. Mahali pa jozi ya pili pana virungu viwili vidogo vinavyomsaidia kujisawazisha anaporuka. Miguu na mishipa ya mabawa ilimwonyesha Brown kwamba huyu ni wa familia ya Phoridae, nzi wadogo wenye mgongo uliopinda ambao hukimbia kwa mwendo wa kushtukashtuka. Familia hiyo ina spishi zipatazo 4,000 zilizokwisha kupewa majina, na wanaoifahamu husema kwamba zisizo na majina bado ni nyingi zaidi. Kisha hupekuliwa maandiko yote yaliyotangulia, na vielelezo vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho hulinganishwa. Jenasi ya Euryplatea ilikuwa imejulikana kwa spishi moja tu, Euryplatea eidmanni, iliyotoka Guinea ya Ikweta, Afrika ya Kati. Kuipata Thailand lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyelitazamia.

Baada ya hapo huandikwa maelezo, nayo yana kanuni zake. Kila spishi hupewa jina la maneno mawili, desturi iliyothibitishwa kwa wanyama tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758. Jina la kwanza ni la jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili huchaguliwa na mwandishi mwenyewe. Mwandishi hutaja urefu, rangi, umbo la kila kiungo na mahali alipotoka mdudu. Zaidi ya yote, huteua kielelezo kimoja kiwe shahidi wa jina hilo daima. Ikiwa miaka mia baadaye litatokea shaka, kielelezo hicho ndicho kitakachofunguliwa na kutazamwa upya. Maneno yaweza kubishaniwa; mwili wa mdudu uliohifadhiwa vizuri hukata ubishi.

Kielelezo kilichoelezwa na Brown ni jike. Mwili wake ni mpana na bapa, na mabawa yake yana rangi ya moshi. Umbo la ubapa hupatikana kwa majike wengi wa familia hii ambao huishi karibu na sisimizi au mchwa, na faida yake haihitaji maelezo marefu: meno ya sisimizi hayapati pa kushika.

Hapa ndipo linapoingia jambo lenye uzito kuliko udogo wenyewe. Baadhi ya nzi wa Phoridae hukata vichwa vya sisimizi. Wanaojulikana zaidi ni wa jenasi ya Pseudacteon wa bara la Amerika. Jike humrukia sisimizi na kufumba na kufumbua humdunga yai kifuani. Yai huanguliwa, na buu husafiri ndani ya mwili mpaka kichwani. Huko hunywa majimaji ya mwili, na siku zake zikitimia hula misuli ya taya na vyote vilivyomo, ubongo pia. Hutoa kemikali inayolegeza utando wa shingo, na kichwa hudondoka. Ndani ya fuvu hilo tupu buu hugeuka pupa, akilindwa kama aliye ndani ya kasha, na baada ya wiki mbili au tatu nzi kamili hutokea mdomoni. Tangu mwaka 1997 Wamarekani wamekuwa wakiwaachilia nzi hao Florida na kwingineko ili kuwapunguza sisimizi wa moto waliohamia huko kutoka Amerika Kusini. Mara nyingi nzi hahitaji hata kuua. Sisimizi wakimwona tu huacha kutafuta chakula na kurudi shimoni.

Nzi wa Pseudacteon wana urefu wa milimita 1 hadi 3 hivi. Kwa kuwa nzi atokaye kichwani hawezi kuwa mkubwa kuliko kichwa chenyewe, ilidhaniwa kwamba sisimizi wadogo sana wamesalimika: hakuna nzi ambaye angeweza kuenea. Euryplatea nanaknihali aliivunja hoja hiyo. Ndugu yake wa Guinea ya Ikweta anajulikana kuwakata vichwa sisimizi wa jenasi ya Crematogaster, na sisimizi wa jenasi hiyo wapo Thailand pia, wengine wenye urefu wa milimita 2 tu.

Crematogaster si wageni Afrika Mashariki. Ndio sisimizi wakaao ndani ya vinundu vya migunga ya mbugani, ile ambayo miiba yake hupiga mluzi upepo unapovuma. Tikisa tawi, nao watatoka mbio huku wameinua juu ya mgongo matumbo yao yenye umbo la moyo.

Udogo, hata hivyo, una bei yake. Kupumua si tabu, kwa kuwa wadudu hupeleka hewa mwilini kwa mirija, na katika mwili mfupi safari ya oksijeni ni fupi. Tabu ni kwamba seli hazipungui kwa kadiri mwili unavyopungua, na ubongo unahitaji seli. Mrusi Alexey Polilov alionyesha kwamba nyigu wa jenasi ya Megaphragma, wenye urefu wa milimita 0.2 hivi, wameipata nafasi kwa njia ya ajabu: wanapokomaa, seli nyingi za neva zao hupoteza viini vyake, na bado nyigu huruka na kutafuta chakula.

Cheo cha nzi wa Thailand hakikudumu. Mwaka 2018 Brown huyohuyo alieleza jike mwingine wa Phoridae, Megapropodiphora arnoldi, aliyepatikana karibu na Manaus nchini Brazil. Urefu wake ni milimita 0.395. Amemshinda mwenzake kwa milimita 0.005 tu.

Katika maelezo ya mwaka 2012 Brown alitenganisha aliyoyaona na aliyoyakisia. Udogo aliupima, ukataji wa vichwa aliukisia kutokana na udugu. Mtego wa Malaise huleta maiti, nao hausemi maiti ilikuwa ikielekea wapi ilipokamatwa. Kuthibitisha kunahitaji kazi nyingine: kuwakusanya sisimizi wakiwa hai, kuwalisha ndani ya chombo, na kungoja kichwa kimoja kidondoke. Kisha kichwa hicho huwekwa peke yake ndani ya kichupa kilichofungwa, na mtafiti hutazama kila siku ni nani atakayetoka.