Tela la Kwanza la Jamaa: Anza na Motokaa Inayokokota

Wakulima huja ofisini kwetu kuuliza juu ya mbegu, maji ya mfereji na wadudu wa mahindi. Siku hizi, hasa baada ya mavuno, huja na swali jingine: "Karani, nataka tela la kwenda nalo safari na mama watoto. Lipi ni zuri?" Swali hili ni la haki. Lami imefika Lodwar ikaendelea mpaka Kakuma. Mkulima wa Katilu mwenye pikapu anaweza kuichukua jamaa yake kwenda kuona ziwa Eliye Springs, au kwenda Lodwar siku za sherehe ya Tobong'u Lore, au kuwatembelea ndugu Kakuma, na wote wakalala katika hema lao wenyewe bila kulipia chumba.

Lakini yuko mkulima mmoja aliyenunua kwanza akauliza baadaye. Aliuza fahali wawili, akaongeza pesa za vitunguu vya msimu mzima, akapata tela kubwa lenye paa la turubai na vitanda vinne. Motokaa yake ilikuwa ndogo. Kwenye lami ilikokota bila matata, naye akafurahi. Walipoacha lami na kushika njia ya mchanga, magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure, klachi ikanuka, na katikati ya laga wakakwama. Akawatoa mkewe na watoto, wakapanda ukingoni. Vijana wakaja kusaidia, tela likafunguliwa, motokaa ikasukumwa nje. Kabla hawajarudi kulichukua tela, maji yakaja kutoka milimani, ingawa pale hapakunyesha hata tone. Tela likaenda na maji.

Tela lile halikuwa bovu. Kosa ni kwamba mwenyewe alichagua tela kwanza, na motokaa akaikumbuka nyuma. Basi, ndugu mkulima, kabla hujaenda kwa fundi, nenda kwenye motokaa yako.

Fungua kitabu cha motokaa, utafute kilo ambazo kiwanda kimeruhusu ikokote. Mara nyingi utakuta hesabu mbili: moja ya tela lenye breki zake, nyingine ya tela lisilo na breki. Tofauti yake ni kubwa. Kwa mfano, pikapu ya Toyota Land Cruiser aina ya 79, kama inavyouzwa Australia, imeandikiwa kilo 3,500 kwa tela lenye breki, na kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki. Motokaa ni ile ile na injini ni ile ile. Kuvuta si shida. Shida ni kusimama. Tela lisilo na breki huisukuma motokaa kwa nyuma, nayo motokaa peke yake ndiyo yenye kuzuia uzito wote.

Ikiwa kitabu hakisemi neno lolote juu ya kukokota, kunyamaza kwake si ruhusa. Motokaa nyingi zinazokuja kutoka Japani zimetumika bila kufungwa tela hata siku moja. Huko Uingereza wana kanuni inayofaa hata kwetu: tela lisilo na breki lisizidi nusu ya uzito wa motokaa, na hata motokaa ikiwa nzito namna gani, tela hilo lisipite kilo 750. Motokaa ya kilo 1,050, basi, isikokote zaidi ya kilo 525, na hizo ni pamoja na mzigo. Nayo ikiwa ni Probox ya magurudumu mawili, kumbuka kwamba yanayovuta ni ya mbele. Tela likikandamiza nyuma, mbele huinuka kidogo, na mchangani magurudumu hukosa kushika. Probox ni mtumishi mwema wa lami. Kwa tela la kulala jamaa zima siishauri.

Sasa chukua kalamu na karatasi, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Muuzaji atakuambia, "Tela hili ni jepesi, kilo 420 tu." Huenda anasema kweli, lakini hutalikokota tupu. Nchi yetu ni ya joto na ukame, kwa hiyo utachukua pipa moja la maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi lita 200 ni kilo 200. Hema na magodoro, sema kilo 60. Unga, maharagwe na sufuria, kilo 40. Jiko na mtungi wa gesi, kilo 25. Gurudumu la akiba, jeki, koleo na vyombo vya fundi, kilo 45. Halafu, kwa kuwa unapita sokoni, utaona ni hasara kwenda mikono mitupu, utatupia magunia matatu ya mahindi ya kilo 90, yaani kilo 270. Jumlisha. Tela la kilo 420 limekuwa la kilo 1,060.

Kama tela hilo halina breki, umepita mpaka wa 750 kwa kilo 310. Toa magunia yote matatu, na maji uyapunguze yawe lita 100. Unabaki na kilo 690, nawe unaweza kwenda ikiwa motokaa yako yenyewe ina uzito wa kutosha. Mahindi yapelekwe na lori siku nyingine. Ukitaka kubeba jamaa na mazao kwa safari moja, nunua tela lenye breki, wala usitafute njia ya mkato. Breki ambazo mafundi wanazifahamu zaidi ni zile za kusukumana: dereva akikanyaga breki, tela hulisukuma fundo lake la mbele, na msukumo huo ndio unaobana breki za tela. Uliza jinsi ya kuzifungia unaporudi nyuma, ama zitakushika.

Uzito ukishajulikana, tazama umekaa wapi. Sehemu ya uzito lazima iilalie motokaa, na kipimo chema ni karibu sehemu moja ya kumi. Kwa tela la kilo 690, mkono wa mbele uwe na kilo 69 hivi. Mzani wa kuning'iniza, ule wanaopimia magunia sokoni, utakuonyesha: tundika mkono wa tela, uinue mpaka uwe usawa, usome. Kilo hizo ni mzigo wa motokaa pia, zihesabiwe pamoja na watu waliokaa ndani. Pipa la maji likae juu ya ekseli. Likikaa mwishoni kabisa, mkono wa mbele huwa mwepesi, na tela huanza kuyumba kama mkia wa mamba.

Kuyumba huko ni hatari iliyokuja na lami nzuri. Zamani, barabara ilipokuwa imechimbika, hakuna aliyeweza kwenda kasi. Ukiona tela linayumba, usikanyage mafuta ukidhani utalinyoosha, wala usikanyage breki kwa ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, uache mwendo upungue wenyewe. Kisha simama upange mzigo upya. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa unatosha, na Kakuma itakungoja.

Katika kulikagua tela lenyewe, anza na magurudumu. Yafaa yawe ya kipimo kimoja na ya motokaa yako, na matundu ya nati yalingane, ili gurudumu moja la akiba lifae pande zote mbili. Tena nafasi kati ya gurudumu la kushoto na la kulia iwe sawa na ya motokaa. Mchangani, motokaa hufungua njia mbili. Tela lenye nafasi hiyo hiyo hupita mlemle. Lenye magurudumu ya karibu au ya mbali zaidi hulazimika kuchimba njia zake mwenyewe, nayo motokaa hulipa gharama. Jambo hili dogo halimo katika maneno ya muuzaji, lakini katika njia ya kwenda Eliye Springs utalikumbuka.

Kila mpira una namba ya kuonyesha uzito unaoweza kubeba. Namba 88 ni kilo 560, namba 91 ni kilo 615, namba 100 ni kilo 800. Mipira miwili ya namba 88 hubeba kilo 1,120. Kwa tela la kilo 1,060 hapo ni karibu mno na mpaka, maana shimo moja tu huongeza kishindo. Soma pia namba nne za tarehe. Zikiandikwa 2319, mpira ulitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela hukaa juani miezi mingi bila kwenda popote, na jua la Lodwar huula mpira hata kama meno yake bado ni marefu. Ukiona nyufa ubavuni, usiununue.

Springi za majani ya chuma ni bora kwetu kuliko zile za mpira uliofungwa ndani ya bomba. Jani likivunjika, fundi wa Lodwar au Kakuma atapata jingine au atalipunguza la gari kuukuu. Ile ya mpira ikichoka, huna la kufanya ila kuagiza mbali. Na beringi usizisahau. Baada ya kilomita 30 za kwanza simama, ukaribishe mkono kwenye kitovu cha gurudumu. Kikiwa na uvuguvugu ni sawa. Kikikuunguza, grisi imekwisha au beringi zinakufa. Chukua seti moja ya akiba na kopo la grisi. Ni vitu vidogo, lakini havipatikani chini ya mgunga.

Tufe la chuma lililo nyuma ya motokaa na kikombe cha tela lazima viwe vya kipimo kimoja. Kilichozoeleka ni milimita 50. Yako matufe ya zamani ya milimita 48 kasoro kidogo. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, na kikombe cha 50 kitafunga vizuri kabisa mpaka utakapoingia shimoni, kiruke. Ndiyo sababu ya kuwa na cheni mbili imara, zilizopishana chini ya mkono, zilidake tela lisianguke barabarani.

Wengine huuliza juu ya nyumba nyeupe za kukokotwa, zile zilizotumika Ulaya. Ndani zinapendeza, zina makabati na hata sinki. Lakini nyingi hupita tani moja, ziko chini karibu na ardhi, na kuta zake nyembamba zimetengenezwa kwa barabara laini. Tena zile za Ujerumani zina mlango upande wa kulia, na kwetu upande huo ndio magari yanakopita. Watoto wangeshuka katikati ya barabara. Afadhali sanduku la chuma lililo juu, lenye hema la kukunjua, kwa mfano wa yale ya Afrika Kusini. Fundi hodari wa kuchomelea anaweza kulitengeneza ukimpa vipimo.

Na tela la trekta? Liache shambani. Mengi hayana springi wala taa. Na tela lolote, la trekta au la pikapu, watoto wasipande juu yake likiwa mwendoni, hata kama ni hatua chache kufika kisimani. Tela likipinduka, dereva hujua akitazama nyuma.

Mkifika mahali pa kulala, mtavutwa na kivuli na mchanga safi wa laga. Msilale humo. Tarach pale Kakuma na Kawalase pale Lodwar huweza kuwa kavu jioni na kujaa usiku, kwa mvua iliyonyesha mbali msikoisikia. Jamaa zilizolala zitaamshwa na maji, na tela lililofungwa hema halifungwi upesi. Pandeni juu ya ukingo, muegeshe motokaa ikielekea barabarani. Na mkikuta laga inatiririka, ngojeni. Hata ikiwa kavu, mmoja aivuke kwa miguu kwanza, aone mchanga ulivyo.

Siku ya kununua, usilipe ukiwa umeliona tela tupu. Nenda na motokaa yako mwenyewe, ukodishe mapipa, uyajaze maji mpaka ufikie uzito wa hesabu yako. Likokote kilomita chache: kwenye lami, kwenye mchanga, na mahali pa kupanda mlima mdogo. Simama kwa breki. Rudi nyuma. Shika vitovu. Mwambie mtu asimame nyuma akuambie kama taa za breki na za kukata kona zinawaka. Kama muuzaji anakataa jaribio hilo, mshukuru kwa chai, uende zako.

Mwisho tazama hati. Tela huandikishwa kama gari, kwa NTSA, na namba yake huanza na herufi Z. Linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo katika hati, herufi kwa herufi. Ikiwa fundi amelitengeneza jipya, mwulize kabla ya kumpa arubuni ni nani atakayelipeleka kukaguliwa na kuandikishwa, na mwandikiane. Kampuni ya bima nayo uiulize kama bima ya motokaa yako inalifikia tela likiwa limefungwa, na likiwa limefunguliwa.