Panka ya Umeme kwa Gari la Kale

Gari la kale huwa amana ya familia: babu alilinunua, baba akalitunza, na leo wajukuu hulipanda siku ya Idi. Lakini joto la Pwani na foleni ya feri ya Likoni ni mtihani kwa injini yake.

Tuchukue mfano wa Morris Minor 1000, gari la Kiingereza lililoanza kuuzwa mwaka 1956. Panka inayopoza rejeta yake huzungushwa na mkanda wa injini. Likienda, upepo hutosha. Likisimama, injini huzunguka polepole na panka nayo hulegea. Hapo ndipo maji huchemka.

Panka ya umeme huondoa udhia huo, kwani hutumia nguvu za betri, na swichi ya joto huiwasha inapohitajika. Hata hivyo, twawanasihi wasomaji wasiharakishe. Dainamo ya gari hilo hutoa takriban ampea 22 injini ikienda kasi, na karibu haitoi kitu gari likisimama foleni. Panka huweza kula ampea 10. Basi betri ndiyo itakayobeba mzigo, na huenda gari lisiwake tena. Kwa hiyo alteneta itangulie, panka ifuate.

Jambo la pili: gari hilo lilitoka kiwandani upande chanya wa betri ukiwa umeungwa na bodi, kinyume cha magari ya leo. Fundi asipoligundua hilo, panka huweza kuzunguka kinyume na alteneta ikaungua.

Tatu, panka iwe na fyuzi, rilei na waya nene. Waya nyembamba hupata moto, na moto chini ya boneti hauchagui abiria. Wala panka haitibu rejeta iliyoziba, isafishwe kwanza.

Nyumbani nako pana tahadhari. Panka hii huweza kuanza ghafla hata injini ikiwa imezimwa. Mikono ya watoto na ncha za leso na buibui zikae mbali, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe maji yangali moto.

Kabla ya kazi kuanza, tumuulize fundi: upande gani wa betri umeungwa na bodi? Alteneta yatoa ampea ngapi? Fyuzi itakaa wapi? Asiyeweza kujibu, tumshukuru, kisha tumtafute mwengine.