Vipepeo wa Milima ya Taita na Majina Yao

Msafiri atokaye Voi kwenda Wundanyi huanza safari katika nyika ya miiba na vumbi jekundu. Akiisha kupita Mwatate, barabara hupanda kwa mapindi mengi, na hewa hugeuka kuwa baridi yenye ukungu. Katika vilele vya Taita, kama Ngangao, Chawia na Mbololo, yamebaki mapande ya msitu wa kale, na humo huruka vipepeo wasiopatikana mahali pengine po pote duniani.

Huenda msomaji akauliza: Mtu hujuaje kwamba kipepeo aliyemwona ni wa aina mpya? Kumtazama tu hakutoshi, kwa maana rangi hudanganya. Katika ukoo wa Cymothoe, kwa mfano, mara nyingi dume huwa mweupe au wa manjano, na jike huwa wa rangi ya giza. Mgeni wa kazi hii angewahesabu kuwa aina mbili, kumbe ni mume na mke! Kwa hiyo mtaalamu humlinganisha mdudu wake na wale waliohifadhiwa katika makumbusho, akichunguza mishipa ya mabawa, na kwa hadubini viungo vya uzazi. Siku hizi hupimwa pia chembe za urithi.

Akisadiki kwamba ni mpya, huandika sifa zake zote na mahali alipokamatwa, na kuzipiga chapa. Huchagua mdudu mmoja awe kielelezo. Ikizuka shaka baadaye, huyo ndiye shahidi. Kisha humpa jina la maneno mawili, kwa desturi ya Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho chanzo cha majina ya wanyama. Neno la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe.

Ndivyo alivyofanya Dk. V. G. L. van Someren, aliyekuwa daktari wa meno huko Nairobi, alipotangaza Cymothoe teita mwaka 1939. Teita ni jinsi Waingereza walivyoandika Taita zamani zile. Wilaya ilirudishiwa tahajia yake, lakini kipepeo hawezi, maana sheria ya majina hairuhusu.

Mwaka 1960 alitangaza mwingine, mweusi mwenye mkanda wa buluu mabawani, Papilio desmondi teita. Huyu ana maneno matatu, kwa sababu si aina mbali kabisa, bali ni tawi la aina moja. Ndugu zake wako Chyulu na Usambara, wakifanana naye ila kwa alama ndogo. Sababu ya kuachana ni nyika yenyewe. Kwa kipepeo wa msitu wenye ubaridi, joto la Voi ni kama bahari, na kila mlima ni kisiwa. Vizazi vingi vikipita bila kuoana, alama hubadilika.

Lakini visiwa hivyo vimepungua sana kwa kufyekwa mashamba, na mahali pengine imepandwa misindano na mikalitusi. Kwa mbali mlima huonekana wa kijani vile vile. Kiwavi wa Cymothoe teita, hata hivyo, hula majani ya mti wa msituni uitwao kwa Kilatini Rawsonia lucida. Katika mikalitusi hana chakula.