Kina cha Kichwa cha Risasi

Miongoni mwa wawindaji na walenga shabaha wa Marekani imeenea sanaa ya kujitengenezea risasi nyumbani, ambapo mtu huyakusanya maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayatia fataki mpya na baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha akakishindilia kichwa cha risasi katika mdomo wa ganda. Kazi hii ya mwisho ndiyo itakayo hadhari: kichwa kile kizame kiasi gani?

Urefu wa risasi nzima, tangu kitako hata ncha, umewekewa mpaka. Kwa risasi ya .30-06 Springfield, iliyotoka mwaka 1906, mpaka huo ni inchi 3.340, yaani takriban milimita 84.8. Walakini ncha si mahali pa kutegemewa, kwani ncha ya risasi laini hubonyea, na hata vichwa vya sanduku moja hupishana urefu. Kinachokutana kwanza na mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu ni bega la kichwa, pale unene unapotimia; kwa hiyo fundi hufunga kwenye kalipa yake kipande cha chuma chenye tundu, ncha ikapenya humo na bega likazuiwa, ndipo akasoma kipimo.

Bunduki ya komeo ina fadhila yake katika kujua ni wapi kichwa kitaigusa mifuo. Mtu akishahakikisha kuwa haina risasi ndani, hulifunga komeo, akaingiza ufito bapa kwa mdomo wa mtutu hata uguse uso wa komeo, akautia alama pale mdomoni. Kisha hulichomoa komeo, akakitia chembani kichwa kitupu na kukisukuma taratibu kwa kijiti hata kizuiwe na mifuo, akaurudisha ufito uiguse ncha, na kutia alama ya pili. Masafa baina ya alama hizo ndiyo urefu wa risasi nzima ambao kwao kichwa kile kitaigusa mifuo. Hurudia mara kadhaa, maana mkono mzito hukipachika kichwa ndani ya mifuo na kumpa kipimo cha uongo. Kisha hukitia kichwa kilekile katika ganda lisilo fataki wala baruti, kwa urefu huohuo, akapima begani na kuandika.

Wengi huanza kwa kurudi nyuma ya kipimo hicho kwa inchi 0.020, yaani nusu milimita, maadamu magazini inaipokea risasi. Kichwa kinachoigusa mifuo huongeza shinikizo la moshi wa baruti, na kilichozama mno huipunguzia baruti nafasi, shinikizo likapanda vilevile; kwa hiyo kila kina kibadilishwapo, baruti nayo hurudishwa kwenye kiasi cha chini kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, ikaongezwa kidogo kidogo. Aidha, moto hulila koo la mtutu kadiri risasi zinavyopigwa, na kipimo cha zamani kikabatilika.

Basi asiazime mtu kipimo cha bunduki ya jirani, hata kama zimetoka kiwanda kimoja, kwani shavu litakaloegemea kando ya komeo ni lake mwenyewe.